Maharimu wa Bi Mwatumu

Kituo cha Mpakani, Horohoro
26 Mei 1955

Kwa Mama yangu, Bi Mwatumu binti Shehe, Chumbageni, Tanga.

Shikamoo Mama. Natumai Idi imekupita salama, na ile doti ya kanga niliyompa dereva wa lori imekufika.

Mama, kaa kitako kabla hujaendelea kusoma. Livu yangu ya kukupeleka Hija imefutwa. Ni ile ile aliyoipitisha Bwana Daktari mwenyewe tangu Rajabu, akatia sahihi mbele yangu, akanitakia hija njema mimi na wewe. Jana imekuja amri yake: ndui imezuka upande wa pili wa mpaka, na vijijini huku kwetu imeanza kuonekana. Sisi madresa wa kuchanja, hata mmoja asiondoke kituoni. Livu zote zimesimama, zilizopitishwa na zisizopitishwa. Mwenzangu Manase alikuwa amekwisha funga sanduku aende kwao Magila kumwoza binti yake. Amelifungua, akarudi kuchemsha sindano.

Daktari alikuja kukagua kituo, nikamwendea. Nikamweleza habari yako na ya macho yako. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Pole sana, Sadalla. Ukiondoka wewe, watu hawa nani atawachanja?" Malori yanapita hapa kutwa, Mama, na kila aliyemo lazima achanjwe.

Zamu yangu ya livu haitarudi mpaka mwaka wa tatu. Najua maana yake kwako. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana, na hii nayo naituma kwa sababu lori linangoja. Nisamehe, Mama.

Mimi mwanao,
Sadalla Mwinyijuma


Chumbageni
Mfunguo Mosi, siku ya sita, 1374

Mwanangu Sadalla,

Marahaba. Kanga zimefika, Idi imepita. Barua yako nayo imefika, na heri isingefika.

Hebu niambie, hiyo serikali yenu haina mama? Mtu anapitisha jambo kwa mkono wake, anatia sahihi, kisha anageuka! Sisi huku ukimwahidi mtu bilauri ya maji usimpe, waona haya kupita mlangoni kwake. Nilitaka kumwapiza huyo Daktari wako, wallahi, na mikono nilikwisha inua. Dada yako Asmahani akanicheka: "Mama, dua la kuku halimpati mwewe." Basi nikaishusha mikono. Hasira sijaishusha.

Si wewe ninayekugombeza, baba. Nagombeza kwa sababu nikinyamaza nitalia, na kulia kunaliumiza jicho. La kushoto ni ukungu mtupu sasa. Hili la kulia ndilo ninaloandikia, na herufi nazikuza kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu, umeziona. Bwana wa macho kaniambia wazi kuwa nalo halina muda. Ndiyo maana nikashikilia mwaka huu. Mimi sitaki hija ya kushikwa mkono na kusimuliwa. Nataka kuiona Alkaaba mwenyewe, niitazame mpaka nishibe, kisha Mungu akitaka kuizima hii taa aizime.

Nimekwenda kwa Shehe. Kasema madhehebu yetu yanamruhusu mwanamke kuhiji hija ya faradhi akiwa na wanawake wenziwe waaminifu. Nikafurahi. Furaha ya bure! Mwaka huu Tanga nzima haendi mwanamke mwingine ila mimi, na wenye meli Mombasa hawamwandiki mwanamke asiye na maharimu, yaani mwanamume ambaye ni haramu kwake kuolewa naye. Babako yuko mchangani. Kaka zangu wametangulia wote. Mkwe wangu Safari, mume wa Asmahani, pumu imemkaba hata msikitini anafika kwa kupumzika njiani. Nilikuwa na wewe tu.

Mizigo nimeifungua, nguo nyeupe nimezirudisha kabatini. Na usije ukaitoroka kazi kwa ajili yangu, nakujua. Watu wakifa kwa ndui kwa sababu yako, hija hiyo nitaihiji kwa uso gani?

Nakula vizuri. Usiulize ulize.

Mamako,
Mwatumu


Horohoro
1 Juni 1955

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Sitatoroka kazi. Lakini nina neno, na nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujaikunja barua.

Jana lori la Maramba lilisimama hapa. Nikiwa namchanja dereva, katika mazungumzo akanambia kuwa Marhun bin Khalifa, yule mwenye duka Maramba, amejiandikisha kuhiji mwaka huu. Anakwenda peke yake.

Mama, si ulimnyonyesha? Tangu utoto wetu, wao wakiwa jirani zetu hapo Chumbageni, nakusikia ukisema ndani kwetu kwamba mimi na Marhun tumenyonya ziwa moja, kwamba wewe ni mama yake na sisi wanao wote ni ndugu zake. Basi kama ni mwanao, si ni maharimu wako? Mbele ya sheria yeye na mimi tuna tofauti gani?

Yaliyopita nayajua. Tangu alipoleta posa ya Asmahani, mwaka ule vita vilipokwisha, nawe ukaikataa, hajakanyaga kwetu. Hata mimi tukikutana sokoni hugeuza uso. Lakini niruhusu nimwandikie. Akikataa, tumepoteza nini?

Mwanao,
Sadalla


Chumbageni
Mfunguo Mosi, siku ya kumi na mbili

Sadalla,

Hasha! Tena hasha!

Tumepoteza nini, wauliza? Wewe ulikuwa safarini na kazi zako, hukuyaona. Mimi niliyaona. Posa ilipokuja nilimwita yule kijana ndani, nikamkalisha, nikamwambia ukweli wa Mungu: "Mwanangu, huyu ni dada yako. Nimekunyonyesha." Akaenda kumwuliza babake. Mzee Khalifa akaapa, mbele ya watu, kuwa mwanawe alilelewa kwa maziwa ya mbuzi, na kwamba mimi nimezua uongo kwa kuwa nimempata mchumba mwenye kitu zaidi. Mchumba mwenye kitu! Safari wa watu, na pumu yake! Mji wote ukaniona muongo. Nikienda shughulini, wanawake wananyamaza.

Mimi ndiye niliyempokea mtoto yule mnyonge kama kifaranga aliyenyeshewa, mama yake, Ghanima, hajitambui kwa homa ya uzazi. Nikakuweka wewe upande huu, yeye upande huu, nawe ukimpiga mateke kwa wivu. Sikutaka shukrani. Lakini kuitwa muongo? Fadhila ya punda ni mashuzi, walisema wazee, na hawakukosea. Leo niende kumwambia, "Nipeleke Makka"? Hata! Bora nipofuke na heshima yangu.

Usimwandikie. Ukimwandikia sitakuwa radhi nawe.

Nafsi yangu imetulia. Zile nguo nyeupe nimezitoa tena kabatini, lakini ni kuzianika tu, zisiingie nondo.

Mamako


Horohoro
6 Juni 1955

Kwa Bwana Marhun bin Khalifa, Maramba.

Assalaam alaykum.

Bwana Marhun, mama yangu amenikataza kukuandikia. Nimeandika. Hilo nitalijibu mimi kwake, wala lisikuhusu.

Livu niliyopewa kumpeleka mama Hija imefutwa kwa sababu ya ndui. Hana maharimu mwingine, na macho yake yanakwisha; mwaka huu ukipita, hataiona kamwe Alkaaba, labda aende kuigusa. Nimesikia wewe unakwenda.

Siombi uniamini mimi. Kati ya maneno ya baba yako, Mungu amrehemu, na maneno ya mama yangu, mtu huamini ya baba yake, na ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Nakuomba jambo moja tu. Shangazi yako Bi Fakhria yu hai, na siku zile ndiye aliyekubeba. Muulize. Akisema ulinyweshwa maziwa ya mbuzi, ichome barua hii, na mimi nitakuja Maramba siku livu zikifunguliwa nikuombe radhi kwa kukusumbua.

Wasalaam,
Sadalla Mwinyijuma


Maramba
13 Juni 1955

Kwa ndugu yangu Sadalla,

Wa alaykum salaam. Umeona nilivyokuita. Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri nikilitafuta neno la kuanzia, na hilo ndilo lililokubali kuandikika.

Barua yako iliponifika nilikasirika. Nilisema, wamenikataa nilipokuwa na haja nao, leo wana haja na mimi nimekuwa mtoto wao! Nikaichukua nikampelekee shangazi, ili aniambie ni uongo na nikujibu kwa ukali. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamsomea. Alipofikia kusikia jina la Bi Mwatumu, ungo ulimponyoka.

Sadalla, shangazi amelia mpaka nikaogopa. Ananiambia maziwa ya mbuzi waliyajaribu, nikawa natapika yote, tumbo limevimba, watu wanangoja nife. Ni yeye aliyenifunga katika buibui akanipeleka kwa mama yako alfajiri, na alasiri, na kila siku hadi mama alipopata nguvu. Baba alijua. Aliona haya isemwe mjini kuwa mtoto wa Khalifa amepona kwa ziwa la mjukuu wa mjakazi, kwa kuwa nyanya wa Bi Mwatumu alinunuliwa sokoni, na baba alikuwa mtu wa kuhesabu nasaba. Akawaapisha kwa yamini watu wa nyumbani wasiseme.

Na sikiliza hili. Nilipopeleka posa, baba alijua ndoa ile haiwezekani. Angekuja kunizuia mwenyewe. Mama yako alipokataa alishusha pumzi, ameepukana na kuniambia sababu. Akamwachia yeye abebe lawama. Mungu amsamehe, ni baba yangu, nami sina la kuongeza.

Miaka kumi nimemchukia mwanamke aliyeniokoa mara mbili. Mara ya kwanza na kifo. Mara ya pili na hili, Sadalla. Nilimtaka binti yule kwa moyo wangu wote. Angekubali mama yako kwa kuona haya, au kwa kuogopa maneno ya mji, ningemwoa dada yangu, nikazaa naye. Alitukanwa, akavumilia, ili mimi nisiingie katika haramu kubwa kama hiyo, na mimi nikawa namgeuzia uso sokoni.

Simwandikii. Jambo kama hili haliandikwi. Ijumaa nakwenda Tanga na shangazi.

Nduguyo,
Marhun


Chumbageni
Mfunguo Pili, siku ya tano

Sadalla, mwanangu mkaidi,

Nilikukataza, ukaandika. Nikirudi salama nitakukanya vizuri. Kwa sasa naandika mbio, usome hivyo hivyo.

Walikuja Ijumaa ya wiki iliyopita baada ya sala. Nilikuwa nakuna nazi. Nasikia hodi, nasema karibu, na jicho langu hili laona kivuli tu mlangoni, kirefu, na kofia. Nikauliza, "Nani?" Nikauliza tena, "Jamani, ni nani?" Akasema, "Ni mwanao, Mama."

Nikadhani ni wewe! Nikadhani umetoroka kazi! Nikaanza kugomba hapo hapo, "Sikukwambia usije, sikukwambia?" Naye anasimama, anapokea matusi yote yaliyokuwa yako. Mpaka Fakhria akapita mbele, akaniangukia shingoni analia, ndipo nikajua nimemgombeza nani.

Basi mwanangu, sikujua la kufanya. Hasira ya miaka kumi niliitafuta sikuiona. Nilikuwa nimeitunza vizuri, nimeipangia na maneno, na siku ya kuitumia imenitoroka. Nikamwambia, "Umekonda. Maramba hakuna chakula?" Nikampakulia wali. Akala wote, akanawa, kisha akasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi, na kuomba uniruhusu nikupeleke."

Nikamwuliza kwa ukali, nilitaka kujua, "Waja kulipa maziwa?" Akasema, "La. Yale hayalipiki. Nakuja kwa kuwa nina mama, na mama yangu anataka kwenda Hija." Hapo nililia, jicho liume lisiume.

Kwa Shehe tulikwenda siku ya pili. Sheria yataka mashahidi, wanawake wanne. Fakhria, na Kijakazi mkunga, na majirani wawili wa zamani walioniona kwa macho yao, wakanyamaza kwa kumwogopa Mzee Khalifa. Kijakazi ndiye aliyetuchekesha. Shehe kamwuliza, "Una yakini mtoto alishiba?" Kasema, "Shehe, mtazame alivyo mrefu!" Shehe akaandika, akapiga muhuri, na Marhun akaomba isomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, watu wote wasikie. Mimi sikumwomba. Imesomwa jana. Leo asubuhi wamekuja wanawake wa mtaa, mmoja mmoja, na vibakuli vya tambi na visheti, ati kunitakia safari njema. Nimevipokea vyote. Wengine nimewachoma kidogo kwa maneno, si sana.

Asmahani alitoka kumsalimu Marhun. Hakujua amwiteje, naye hakujua amtazame vipi, wote wawili wakawa wanaangalia mkeka. Safari ndiye aliyempa kiti. Watazoeana taratibu.

Tunapita hapo Horohoro mwanzo wa Julai, kwa gari la Mombasa. Na cheti cha ndui meli yakitaka. Asinichanje mtu mwingine ila wewe.

Mamako,
Mwatumu

Na radhi yangu unayo. Nilisema vile kwa hasira.


Horohoro
3 Julai 1955

Kwa Mama, kwa mkono wa Marhun, Mombasa.

Mama, gari lenu halijafika mbali na mimi nakuandikia. Yule utingo wa gari linalofuata ameniahidi atakukuta kabla hamjapanda meli.

Sikuweza kusema mbele ya watu. Nilikuwa na foleni ndefu, Manase ananiletea sindano, na wewe umekaa kwenye kiti cha mgonjwa umekunja mkono wa kanzu, unaniambia nisikuonee huruma, nikuchanje kama ninavyochanja wengine. Nimechanja watu wasiohesabika tangu Mei, na wewe nimekuchanja kama wao.

Nilipoiona amri ya Daktari, nilisema moyoni kuwa serikali imeninyang'anya mama yangu. Leo nimemwona Marhun akikushusha garini, akikushika kiwiko, akikuambia, "Jiwe hapo, Mama." Ningekuwa mimi, ningesahau kukuambia jiwe. Nimepata wivu kidogo, kisha nimeona haya, kisha nimeshukuru. Ndugu niliyempoteza nikiwa kijana amerudi, na amerudi kwa sababu mimi nilizuiwa.

Katika kumuaga nilitaka kumpa mkono. Akanikumbatia. Alinuka mafuta ya taa ya dukani kwake, kama zamani babake alivyokuwa akinuka. Niambie umefika. Niombee na watu wa hapa. Leo asubuhi tumeletewa watoto wawili wenye ndui kutoka kijiji cha jirani, na nadhani watapona.

Mwanao,
Sadalla


Makka
Mfunguo Tatu, siku ya kumi na sita, 1374

Mwanangu Sadalla,

Nimeiona.

Nilitaka kuandika hilo tu, karatasi nyingine ibaki nyeupe, lakini Marhun kasema utanuna. Basi nitaongeza. Joto la huku, Mungu wangu, Tanga ni peponi. Watu ni wengi hata sikuwahi kudhani Mungu ana waja kiasi hiki. Siku ya kwanza Marhun alinipitisha kwenye zile nguzo nimeinamisha kichwa, kasema, "Usiinue mpaka nikwambie." Akatafuta mahali pa kivuli, jua lisinichome jicho. Akasema, "Sasa, Mama." Nikainua. Iko pale. Nyeusi, kubwa, imesimama. Nikaitazama mpaka watu wakatusukuma, tukarudi kesho yake nikaitazama tena, na kesho yake. Nimeshiba, baba. Alhamdulillahi, nimeshiba.

Dua nimewaombea wote. Wewe na kazi yako. Wale watoto wawili. Ghanima, mama yake Marhun, ambaye tangu afe sijamwombea kwa moyo mweupe, siku ile nimemwombea kwa machozi. Mzee Khalifa naye nimemwombea, mwanawe kanisikia, akaufunika uso. Na Daktari wako nimemwombea, usicheke. Nilipofika Arafa nikasema, ya Rabi, yule mtu alinifutia safari yangu akanipa nyingine iliyo bora na mtoto juu yake, mlipe kheri, na umwongoze. Lakini akirudia kukufutia livu mara ya pili, sitakuwa na dua iliyobaki.

Jicho limechoka sasa. Namwachia kalamu Marhun.

Mamako, Hajjati Mwatumu

*

Sadalla ndugu yangu, ni mimi. Mama hajambo, anagombana na wauza maji kwa Kiswahili na wao wanamjibu kwa Kiarabu, na wanaelewana. Tuliposhuka Jidda karani alimtazama, akanitazama mimi na rangi yangu ya Kiarabu, akaniuliza mara mbili, "Huyu ni nani wako?" Nilimjibu mara mbili. Alipotaka kuuliza ya tatu, Mama, asiyejua hata neno la alichouliza, akamnyooshea kidole akasema, "Mwambie ameshiba hapa," akajipiga kifuani. Foleni nzima ikacheka, karani akaandika.

Tutapanda meli wiki ijayo. Mwambie Safari nimempatia asali anayoisifu kila mwenye pumu huku. Na nisalimie sana dada yangu Asmahani. Mwambie kaka yake anarudi.

Marhun